Meneja Aliyeuza Kisima

Mtaani kwetu Nyamasaria, Kisumu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Meneja. Watoto walimwita Meneja, mke wake alimwita Meneja mbele ya wageni, na hata kanisani akitajwa alikuwa Mzee Meneja. Kiwanda alichokuwa akikisimamia kilikufa kabla sijaanza shule. Kilikuwa kiwanda cha serikali cha kuchambua pamba, huko chini karibu na ziwa, na sasa ndani yake kuna magugu na popo. Cheo chenyewe hakikufa. Nimewahi kukaa kitandani nikijiuliza kama mtu anaweza kumiliki cheo cha kitu ambacho hakipo tena. Nilisomea uchumi katika chuo kule Bondo, nikahitimu, na tangu hapo nimekuwa na muda mwingi sana wa kujiuliza mambo ya namna hii.

Meneja yu hai, na akisoma haya atanirekebisha. Nikimwandika kama mtu aliyekwenda zake, ni kwa sababu ninayemkumbuka zaidi ni yule wa kabla ya kuuza kisima.

Kisima chenyewe kilikuwa katika ua wake, kimechimbwa kwa mashine, kina pampu ya stima na tangi jeusi juu ya vyuma. Mtaa mzima uliteka pale. Bomba la kaunti lilikuwapo pia, kando ya njia, na ukilifungua asubuhi lilikohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Kwa hiyo swali lililomnyima Meneja usingizi lilitunyima sisi pia: yeye akishindwa kukiendesha kisima, kitakuwa cha nani, na sisi tutakunywa nini?

Alikuwa na msimamo kuhusu mambo haya, na alikuwa nao kwa sauti kubwa. Serikali, alisema, haifai kuuza hata kijiti cha kiberiti. "Serikali haina mikono," alipenda kusema. "Kitu kikiharibika, mwenye nacho anatafuta spana. Serikali inatafuta kamati." Hapo ndipo angekusimulia habari ya mkanda. Mkanda wa mashine kubwa pale kiwandani ulikatika msimu wa pamba, naye akaandikia Nairobi kuomba ruhusa ya kununua mwingine. Ruhusa haikuja. Wakulima walilala getini juu ya magunia yao, mvua ikawanyeshea wao na pamba. Mwishowe akanunua mkanda kwa mshahara wake, kiwanda kikanguruma tena, na kabla ya wiki kwisha akapokea onyo kali kwa kununua kitu bila idhini. Alisimulia habari hii akicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka naye kwa miaka mingi, hadi nilipoanza kuona kwamba kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko kisa.

Lakini alikuwa na kisa kingine cha kiwanda hichohicho. Hicho alikitoa mbele ya wafanyabiashara, hasa wale wanaosema ubinafsishaji ungeponya kila kitu. Serikali ilipochoka, kiwanda kiliuzwa kwa tajiri mmoja. Tajiri huyo hakuchambua hata ua moja la pamba. Alileta mafundi wa kukata vyuma, mashine zikapakiwa kwenye malori vipande vipande, zikauzwa kama chuma chakavu, halafu akafunga geti akaenda zake. Meneja hakucheka alipofika hapo.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikiwa nimejaa nadharia kama mtungi, nilimuuliza, "Sasa Mzee, kati ya hao wawili, ni nani aliyekiua kiwanda?" Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa ni mguu wake upi uliomfikisha nyumbani. Kisha akaniuliza kama mama yangu amerudi kutoka sokoni.

Jambo hili lilinisumbua kupita kiasi. Nilitaka awe upande mmoja. Nilikuwa na mtihani wa sera za umma, na nilikuwa nimepanga kumtumia kama mfano.

Alikuwa na hisa katika kampuni kadhaa kubwa, chache sana, alizonunua zamani serikali ilipokuwa ikiuza sehemu ya mali zake kwa wananchi. Kila mwaka alipanda basi la asubuhi kwenda Nairobi kwenye mkutano wa wenye hisa, amevaa koti lake la kijivu, na alirudi na boksi la chakula ambalo alimletea mke wake likiwa bado limefungwa. Mwaka mmoja alisimama kwenye mkutano, akapewa kipaza sauti, akawaambia wakurugenzi kwamba lifti ya jengo inachelewa.

"Ukawaambia lifti?" mama yangu alimuuliza. "Umetoka huku mpaka Nairobi, Meneja, ukaongea habari ya lifti?"

"Ni lifti yangu," alisema, wala hakuwa akitania.

Na bado, mtu huyohuyo, mvua za masika zikikaribia, alichukua chepe na kuzibua kalvati ya serikali iliyo barabarani, peke yake, suruali imekunjwa magotini, akiitukana serikali kwa kila chepe la matope. Ukitupa taka mtaroni mbele yake alikufokea: huo mtaro ni wetu. Nilimkumbusha siku moja kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, cha wote si cha mtu. Alikubali. Akaendelea kuchimba. Mama alisema Meneja alikuwa mtu wa kampuni mdomoni tu, mwilini alikuwa mtu wa serikali, na kwamba mimi niache kumsumbua mzee wa watu na maswali ya mitihani.

Radio yake ilikuwa vivyo hivyo. Waziri akianza kuzungumza, aliizima kwa hasira. Halafu baada ya muda mfupi ungemwona akiiwasha tena polepole, sikio karibu na spika, asije akapitwa na habari za pensheni.

Maji aliyauza, tena bila huruma. Ulikuja getini na mtungi na sarafu yako, na kama huna sarafu ulirudi na mtungi mtupu, hata kama wewe ni mama mkwe wa mchungaji. Watu walinung'unika lakini hawakugombana naye, kwa sababu pampu ilipoharibika ilitengenezwa siku hiyohiyo. Kulikuwa na jambo moja tu nje ya utaratibu huu. Nyumba ikipata msiba, geti la Meneja lilifunguliwa wazi na maji yakawa bure kwa nyumba ile. Yalianza kuwa bure pale kilio kiliposikika, na yalibaki bure mpaka mkwe wa mwisho aliyetoka mbali ameaga. Sisi wa huku matanga yetu hayana haraka. Watu hukaa, hupika, huoga, hunywa chai, hulala nje kwenye viti, na maji yanayotumika ni kama ya harusi kadhaa. Hakuna aliyekwenda kuomba. Wanawake walibeba tu mitungi, wakapita getini bila hata kubisha.

Nilimuuliza kuhusu hilo pia, bila shaka. Nilimuuliza kama aliwahi kupiga hesabu ya hasara.

"Hasara ipi? Hayo si maji ya kuuza."

"Lakini ni maji yaleyale, Mzee. Yanatoka tangi lilelile."

"Ni yaleyale."

"Sasa?"

"Sasa nini, nyathina?" Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. Alilitumia akiona nimechoka kichwa.

Halafu pampu ikaanza kufa. Fundi alisema safari hii si ya kutengeneza, ni ya kununua nyingine, na kubwa zaidi, maana maji yalikuwa yameshuka chini. Bei ya stima nayo ilipanda. Magoti ya Meneja hayakuweza tena kupanda ngazi ya tangi. Watoto wake walikuwa mbali na maisha yao. Kuna asubuhi tulizopanga foleni tangu alfajiri na maji yakaja membamba kama uzi, na Meneja akasimama getini akitazama chini kana kwamba ni yeye aliyeyanywa.

Kaunti ilikuja kwanza. Ofisa mmoja mwenye adabu nzuri alisema wangekichukua kisima, wakifanye mradi wa jamii, wananchi waunde kamati. Meneja alimshika mkono kwa upole, akamtembeza mpaka kwenye lile bomba la kaunti, akalifungua, akamwomba atege sikio. Ofisa alitega. Wote wawili walirudi uani, ofisa akaaga.

Kisha ikaja kampuni. Ilimleta Faith, msichana wa rika langu, viatu vyake vimejaa vumbi letu lakini anatabasamu. Kampuni ingekinunua kisima, iweke pampu mpya ya sola, iweke vioski, na kila nyumba ipewe kadi. Unaweka pesa kwenye kadi kwa simu, unaigusisha kwenye bomba, maji yanatoka, mchana na usiku. Faith alikuwa mwenyeji wa Kisumu, alijibu kila swali, na alipokosa jibu alisema hajui. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Tena nilijikuta nikifikiria kumuuliza kama wanaajiri.

Meneja hakulazimika kumuuliza mtu yeyote. Kisima kilikuwa chake, na hati alikuwa nazo. Lakini aliita watu wote uani kwake, akatoa viti vya nyumbani, akasema anataka kusikia. Mama yangu alisema heri kaunti, kwa sababu kaunti ikituudhi tutaipigia kura itoke, lakini kampuni utaipigia kura wapi? Mama Njeri, aliyekuja huku kutoka Murang'a zamani na mwenye hoteli ya chai pale barabarani, alisema yeye huhitaji maji saa kumi na moja alfajiri, si kura, na kwamba mandazi hayakandwi kwa uchaguzi. Watu walicheka. Kisha Meneja akanigeukia.

"Profesa, wewe umesomea mambo haya. Sema."

Nilisimama. Nilisema kwamba kwa upande mmoja maji ni bidhaa, na kwa upande mwingine ni haki. Kwamba soko lina ufanisi lakini halina jicho. Kwamba serikali ina jicho lakini haina spana. Nilieleza hatari za kila njia, nikaeleza namna ya kupunguza hatari, nikaeleza hatari za kupunguza hatari. Mama Njeri akauliza kama ninalipwa kwa neno. Nikakaa. Ukweli ni kwamba sikujua. Kila nilipoegemea upande mmoja, niliona kile kiwanda na kisa chake kingine.

Meneja alichagua kampuni. Alisema hawezi kutukabidhi bomba la upepo. Alitoa sharti moja tu kabla ya kutia sahihi: nyumba iliyofiwa ipate maji bure. Faith alipiga simu Nairobi, Nairobi ikakubali, na sharti likaandikwa kwenye mkataba. Meneja aliusoma mkataba mbele yetu wote kwa sauti, amevaa miwani, akirudia kila kifungu kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Kifungu cha msiba kilisema maji yatakuwa bure kwa familia ya marehemu siku ya mazishi. Tuliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeona kitu. Kwetu mazishi ni neno la jambo zima, na nani angedhani kuna mtu duniani anayefikiri kufiwa ni kazi ya siku moja?

Miezi ya kwanza tulimbariki Meneja. Maji yalitoka saa zote. Mama Njeri alipanua hoteli. Mimi niliacha kuamka alfajiri, nikapata muda zaidi wa kuwa na wasiwasi.

Kisha akafa Mzee Okumu, seremala wa chini kule, ambaye karibu kila mtu mtaani alilala kwenye kitanda alichokiunda yeye. Wanawe walikuwa mbali, mmoja ng'ambo, kwa hiyo maziko yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kilio kiliposikika wanawake walibeba mitungi wakaenda kwa Meneja kama kawaida. Wakafungua. Bomba halikutoa kitu. Likawa linataka kadi.

Meneja alidhani ni hitilafu. Alimpigia Faith, na Faith akaja mwenyewe kwa boda, akasimama mbele ya wanawake wenye mitungi akiwa ameinamisha kichwa. Alieleza kwamba maji ya bure yangefunguka Jumamosi, asubuhi mpaka jioni.

"Jumamosi ni kuzika," Meneja alisema. "Watu wako hapa leo."

"Najua, Mzee."

"Wewe ni mtoto wa hapa. Unajua matanga."

"Mimi najua, Mzee. Mfumo ndio haujui." Alisema alikuwa ameomba Nairobi mara mbili tangu asubuhi, na wamemjibu kwamba mkataba unasema siku, na siku ina mwanzo na mwisho. Alionekana kutaka kulia, na mimi, badala ya kumwonea Meneja huruma, nilikuwa nikijiuliza kama ni Faith anayeifanyia kazi kampuni au ni kampuni inayomfanyia yeye kitu.

Meneja hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na kadi yake, akaigusisha kwenye bomba. Mtungi wa kwanza ukajaa. Akaigusisha tena. Aliletewa kiti akakaa pale, akamgusishia kila aliyekuja, mpaka kadi ikakataa. Mama Njeri alikuwa kwenye foleni. Alitoa kadi yake kwenye kanga, akaigusisha. Wakati ikilia ile sauti yake ndogo, alisema kwa sauti ya chini kwamba siku ile mkataba unasomwa yeye aliliona lile neno siku. Kwao Murang'a watu huzika mapema wakarudi kazini. Alidhani sisi tumeamua kubadilika.

"Na hukusema, Mama Njeri?" Meneja aliuliza.

"Mimi ni mgeni, Baba. Niseme mambo ya matanga yenu?"

Kadi yake ilipokwisha, mama yangu alileta yetu. Ikawa hivyo mpaka Jumamosi na baada yake: nyumba hii leo, nyumba ile kesho, bila mtu kupanga zamu. Mzee Okumu alizikwa vizuri. Wakwe walioga. Chai haikukosekana. Nilipokuwa nikijaribu kuelewa nilichokiona, kama ni ushindi wa jamii au ni njia mpya ya kutulipisha kwa kile kilichokuwa bure, gari la kampuni likafika. Lilileta fulana. Vioski vya Nyamasaria vilikuwa vimeuza maji mengi kuliko vya mtaa mwingine wowote, na Nairobi ilitaka kuwapongeza wateja wake. Dereva alimkabidhi Meneja ya kwake mbele ya watu. Alimshukuru dereva, akaikunja vizuri, akaingia nayo ndani.

Baada ya hapo Meneja aliacha mabishano. Ungeitukana serikali mbele yake, asiitikie. Ungezisifu kampuni, asiitikie. Waziri alizungumza kwenye radio mpaka akamaliza. Watu walimheshimu kama zamani, labda zaidi, lakini walimzungumzia kwa upole unaotumika kwa mgonjwa, na nadhani upole huo ulimchosha kuliko matusi.

Nilikutana naye sokoni Kibuye Jumapili moja, kwenye mitumba. Nilikuwa nikitafuta shati la usaili. Ile kampuni ya maji ilikuwa imeniita, na nilikuwa na siku kadhaa bila kulala vizuri nikijiuliza niende au nisiende. Nilitamani asinione. Aliniona. Aliniuliza shati ni la nini, nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuweza kufikiria uongo kwa haraka.

Alilishika shati, akaligeuza, akaangalia kola. Bila kunitazama akasema, "Nijibu kitu, na usinipe ya chuo. Nilikosea kuuza?"

Nilianza na kwa upande mmoja. Nikaacha. "Ndiyo, Mzee. Nadhani ulikosea."

Alishusha pumzi. "Asante. Wengine wote wananipa pole." Kisha akaniuliza ningefanya nini mimi. Nilifikiria kaunti, nikasikia bomba likikohoa. Nilifikiria kamati yetu wenyewe, nikaona pampu imekufa na watu wanalaumiana. Nilimwambia kwamba huenda ningeuza pia. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Basi nenda kwenye usaili," alisema. "Ukiingia huko ndani, warekebishie kile kifungu. Waambie waandike sawasawa matanga yanachukua muda gani."

"Niwaambie ni siku ngapi, Mzee?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. Aliinua kidole kimoja, cha mzee mwenye wajukuu, akakishusha, akainua kingine, cha mtoto mchanga, akakishusha nacho. Nikamtajia mpangaji, mtu asiye na ndugu hapa. Hapo alikunja uso, akashusha mkono mzima.

"Inategemea aliyekufa," alisema.

Muuza mitumba akatuuliza kama tunanunua shati au tunalishika tu.